Vumbi Moja, Masharti Tofauti: Ajira Machimboni na Afya ya Mapafu

Katika machimbo ya tanzanite ya Mererani, wilayani Simanjiro, mwamba huchorongwa na kulipuliwa kwa baruti ndani ya mashimo marefu yenye hewa haba. Vumbi litokanalo na kazi hiyo lina silika. Chembe zake ndogo mno hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, na mapafu hujenga makovu kuzizunguka. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Makovu hayo hayana tiba ya kuyaondoa. Aghalabu hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu.

Kinachowatenganisha wachimbaji ni masharti ya kazi. Mwajiriwa wa kampuni analindwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mwajiri wake humchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwanaapolo hana mshahara: hupewa chakula, kisha mgawo jiwe likipatikana. Kwake, kusubiri vumbi litulie ni kupoteza muda, na kitambaa afungacho puani hakizuii chembe hizo. Wanawake wanaochekecha mchanga juu ya ardhi hulivuta vumbi lilelile, na si ajabu wasihesabiwe kabisa kuwa wachimbaji.

Kwa hiyo swali la kliniki, “Unafanya kazi gani?”, halitoshi. Jibu la “biashara ya madini” huficha mengi. Mhudumu aulize pia miaka iliyotumika vumbini, iwapo mwamba huchorongwa mkavu, na nani hulipa. Mgonjwa naye ataje hata kazi aliyokwisha kuiacha, kwa kuwa silikosisi huweza kuendelea baada ya mtu kuondoka machimboni. Makohozi yapimwe kwanza. Yasipoonyesha vimelea, picha ya eksirei isomwe pamoja na historia ya kazi, kwani kurudia dawa za kifua kikuu bila uthibitisho humchosha mgonjwa na kuuacha ugonjwa halisi bila jina.

Kwa mwajiriwa, maelezo hayo yakiandikwa vema huwa msingi wa madai ya fidia. Mwanaapolo hana pa kuyapeleka, na kumwambia aache kazi ni rahisi kwa asemaye tu. Apewe ushauri unaowezekana shimoni: kulowesha mwamba kabla ya kuchoronga, kukaa nje baada ya mlipuko, kuacha sigara, na kurudi kupimwa kila kikohozi kinapozidi wiki 2.