Tezi Dume Iliyokua: Dawa Mbili, Kazi Mbili

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wanaume wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na kwa familia zao, katika mikoa ya Shinyanga na Geita

Matibabu ya tezi dume iliyokua huvurugika mara nyingi pale mgonjwa anapoanza kupata nafuu. Mzee ametoka hospitali na dawa za aina mbili. Wiki ya pili mkojo unatoka vizuri, usingizi umerudi, na kila akizitazama zile pakiti anajiuliza kwa nini alipe mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Ipo dawa ambayo kazi yake anaiona, na ipo ambayo haoni inafanya nini. Anaiacha hiyo ya pili. Miezi inapita, tezi inaendelea kukua, na siku moja mkojo unaweza kuziba kabisa.

Kijitabu hiki kinaeleza kila dawa inafanya kazi gani, inahitaji muda gani, nani anazihitaji zote mbili na nani inamtosha moja. Kimeandikwa kwa kuzingatia maisha ya ukanda wa dhahabu, ambako wanaume huhama kila inapotokea rashi mpya na duka la dawa liko karibu kuliko hospitali.

Kinachotokea mwilini

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na hutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa kijana ina ujazo wa takribani mililita 20. Mrija wa mkojo umepita katikati yake, na hapo ndipo shida inapoanzia: tezi ikikua inaubana mrija, kibofu nacho kinalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Kukua huku huja na umri. Takribani nusu ya wanaume wa miaka 50 hadi 60 wanakuwa nako, na kwa waliotimiza miaka 80 wanaokosa ni wachache. Si saratani wala hakugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Ukubwa wa tezi peke yake hauonyeshi mtu anateseka kiasi gani. Watafiti walipowachunguza wanaume 950 wa Accra, Ghana, wenye miaka 50 hadi 74, kipimo cha kidole kilionyesha tezi iliyokua kwa takribani 6 kati ya 10. Waliokuwa na dalili za wastani au kali walikuwa takribani 2 tu kati ya 10. Ndiyo maana daktari makini haandiki dawa kwa kusoma karatasi ya altrasaundi pekee.

Dalili zenyewe zinahesabika. Tuchukue mfano wa mlinzi wa karasha mwenye miaka 62 kule Nyarugusu. Usiku mmoja anakwenda nyuma ya lundo la marudio mara nne. Anasimama, anasubiri, anakaza tumbo. Mkojo unatoka mwembamba, unakatika, unaanza tena, na akishafunga suruali matone yanamfuata. Haujapita muda anahisi kama hakukojoa kabisa. Kliniki humuuliza maswali saba, kila moja likiwa na alama 0 hadi 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 ni za wastani, 20 hadi 35 ni kali. Akirudi baada ya miezi kadhaa anaulizwa maswali yaleyale, na alama zikishuka inajulikana kwamba dawa inamsaidia.

Kabla ya kusema ni tezi dume

Kanda ya Ziwa ina magonjwa mengine yenye dalili za kufanana. Kichocho cha kibofu, kinachoambukizwa kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, huleta damu kwenye mkojo na haja ndogo ya mara kwa mara. Kikikaa miaka mingi bila tiba kinaweza kusababisha saratani ya kibofu. Dawa yake ni praziquantel, na dawa za tezi dume hazikigusi.

Kisonono kisichotibiwa sawasawa nacho huacha kovu ndani ya mrija. Mwanaume wa miaka 40 aliyeishi machimboni tangu ujana, na ambaye mkojo wake unazidi kuwa mwembamba, huenda ana kovu hilo, na vidonge havitalifungua. Kisukari humfanya mtu akojoe sana usiku. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine hukaza shingo ya kibofu, na mzee mwenye tezi kubwa anaweza kuzimeza jioni na kuamka mkojo umeziba.

Kwa hiyo vipimo hutangulia: mkojo, sukari, kipimo cha damu cha kuangalia figo, kipimo cha kidole, altrasaundi inayoonyesha ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki kibofuni, na kipimo cha damu cha PSA kinachosaidia kutambua dalili za saratani.

Dawa ya kwanza: kulegeza njia

Kundi hili lina tamsulosin, alfuzosin, doxazosin na terazosin. Hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya ndani ya tezi, mkojo ukapata njia. Nafuu huanza ndani ya siku chache, na wiki chache zinatosha kujua kama dawa imemkubali mgonjwa. Tamsulosin kwa kawaida ni miligramu 0.4 mara moja kwa siku, nusu saa baada ya mlo uleule kila siku.

Dawa hizi hazipunguzi tezi hata kidogo. Mgonjwa anajisikia vizuri huku tezi ikiendelea kukua.

Dawa ya pili: kusinyaza tezi

Hapa kuna finasteride ya miligramu 5 na dutasteride ya miligramu 0.5. Tezi dume hukua kwa kuchochewa na homoni ambayo mwili huitengeneza kutoka kwenye testosteroni kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Dawa hizi huzuia kimeng'enya hicho.

Ugunduzi wake ulianzia kijijini. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia za Salinas, katika Jamhuri ya Dominika, zilizokuwa na watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Wengi wao walidhaniwa ni wasichana hadi walipobalehe wakawa wanaume. Hata walipokuwa watu wazima, tezi dume yao ilibaki ndogo. Watafiti wa dawa walijiuliza kama kimeng'enya hicho kingeweza kuzuiwa kwa mzee ambaye tezi yake imeshakua. Finasteride ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992.

Tezi hupungua kwa takribani robo, tena polepole. Inahitajika miezi sita, wakati mwingine zaidi, kabla mgonjwa hajahisi tofauti. Mwezi wa pili, wengi wanapokata tamaa, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Zikitumika pamoja

Tafiti mbili kubwa zilijibu swali la kama inafaa kuzimeza zote. Ya kwanza ni MTOPS ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 2003. Wanaume 3,047 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu. Hatari ya ugonjwa kuzidi ilipungua kwa asilimia 39 kwa waliotumia doxazosin, asilimia 34 kwa waliotumia finasteride, na asilimia 66 kwa waliotumia zote mbili. Jambo moja linastahili kusomwa mara mbili: doxazosin peke yake haikupunguza, kwa muda mrefu, hatari ya mkojo kuziba wala ya kufanyiwa upasuaji. Finasteride ilipunguza.

Utafiti wa pili, CombAT, ulihusisha wanaume zaidi ya 4,800 wenye tezi kuanzia mililita 30, kwa miaka minne. Kati ya kila wagonjwa 100 waliotumia tamsulosin pekee, takribani 12 waliishia kuziba mkojo au kufanyiwa upasuaji. Kwa dutasteride pekee walikuwa takribani 5. Kwa waliotumia zote mbili walikuwa takribani 4. Kwa maneno mengine, dawa ya kwanza huleta nafuu ya haraka, na kinga ya miaka inayofuata hutoka zaidi kwenye ile ya pili, ambayo ndiyo wagonjwa huitupa.

Je, kuna dawa inayoweza kusimamishwa baadaye? Ipo, nayo ni ya kwanza. Katika utafiti mwingine, wagonjwa walitumia tamsulosin na dutasteride kwa wiki 24, kisha baadhi yao wakaondolewa tamsulosin. Kati ya kila 100 walioondolewa, 77 walijisikia kama awali au vizuri zaidi. Miongoni mwa waliokuwa na dalili kali, hata hivyo, waliorudi nyuma walikuwa wengi zaidi. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa wakiwa na alama za dalili mezani.

Nani anahitaji zote mbili

Zinawafaa wanaume wenye dalili za wastani au kali pamoja na tezi iliyozidi mililita 30 au PSA ya 1.5 kwenda juu, kwa kuwa hao ndio ambao ugonjwa wao una uwezekano mkubwa wa kuzidi. Mwenye dalili nyepesi huenda asihitaji kidonge chochote: apunguze vinywaji saa chache kabla ya kulala, pombe, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na arudi kupimwa. Mwenye tezi ndogo na dalili za kusumbua anaweza kutoshwa na dawa ya kwanza pekee. Na aliyeziba mkojo mara kwa mara, mwenye mawe kibofuni au ambaye figo zimeanza kuathirika huhitaji upasuaji, wala hafai kucheleweshwa kwa vidonge.

Tahadhari kwa watu wa machimboni

Dawa ya kwanza inaweza kushusha presha mtu anaposimama ghafla, hasa siku za mwanzo, na doxazosin na terazosin huzidi tamsulosin kwa hilo. Anayeshuka kwenye duara kwa kamba au ngazi asishuke hadi ajue mwili wake umeipokeaje. Kizunguzungu kwenye matimba, mita nyingi chini ya ardhi, kinaua. Presha inaweza kushuka zaidi akichanganya na sildenafil au dawa nyingine za kuongeza nguvu za kiume. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU amwambie daktari, kwa sababu baadhi yake huongeza kiwango cha tamsulosin mwilini. Anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho naye amjulishe daktari wa macho.

Nguvu za kiume ndizo zinazowatia wengi hofu, na hofu hiyo inastahili jibu la wazi. Katika CombAT, takribani 9 kati ya 100 waliotumia dawa zote mbili walipata upungufu wa nguvu za kiume uliohusishwa na dawa. Wengine hupungukiwa hamu, au shahawa huwa kidogo. Matiti yanaweza kuuma au kuvimba. Anayepatwa na hayo arudi kwa daktari. Kuacha kimyakimya hakumsaidii.

Finasteride na dutasteride hupunguza PSA kwa takribani nusu baada ya miezi sita. Mzee anayezitumia akipimwa katika hospitali ya Bugando na kupata 3, daktari atalihesabu jibu hilo kama 6, mradi aambiwe. Asipoambiwa, saratani inaweza kujificha nyuma ya namba iliyoonekana nzuri.

Mjamzito asishike kidonge cha finasteride kilichovunjika wala kapsuli ya dutasteride inayovuja, kwa kuwa dawa inaweza kudhuru viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Anayetumia dawa hizi asichangie damu hadi upite mwezi mmoja tangu aache finasteride, au miezi sita tangu aache dutasteride.

Kuhusu mitishamba, magome ya mti wa Prunus africana, unaoota kwenye misitu ya milimani Afrika Mashariki, hutumika hata Ulaya kwa tatizo hili, na tafiti zimeonyesha nafuu ya kiasi. Chupa ya barabarani haina kipimo kinachojulikana. Anayeitumia aende nayo kliniki.

Dalili za kutosubiri asubuhi

Nenda hospitali mara moja ukiona:
- mkojo umekataa kabisa kutoka na tumbo la chini limejaa na linauma;
- damu inayoonekana au mabonge ya damu kwenye mkojo;
- homa na baridi kali pamoja na maumivu ya kukojoa;
- kuvimba miguu, kichefuchefu na mkojo kupungua sana.

Mkojo uliofunga huondolewa kwa mpira, na hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Geita ndizo mahali pa kuanzia. Kwa wanaopewa rufaa kutoka Geita kwenda Bugando, jijini Mwanza, daraja la Kigongo-Busisi lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililofunguliwa mwaka 2025, limeondoa kungoja kivuko.

Siku ya kliniki

Mgonjwa ahesabu kwa siku tatu ni mara ngapi anaamka usiku, na aandike. Abebe pakiti za dawa zote anazotumia, majibu ya PSA yenye tarehe, na cheti. Anayehamia machimbo mengine aombe muhtasari wa matibabu wa kwenda nao, na dawa za kumfikisha tarehe ya kurudi. Vidonge viwili kwa siku ni 60 kwa mwezi. Pesa isipotosha, amwambie daktari hivyo waziwazi ili wapange pamoja, badala ya kumeza siku moja na kuruka nyingine. Mke au mtoto mkubwa akiongozana naye atayakumbuka maelekezo, na atajua kwamba dawa isiyoonekana kufanya kazi mwezi wa pili inatakiwa kuendelea.