Pera na Tofaa: Kupima Vitamini C kwa Iodini

Mgonjwa aliyelazwa Mwanza aghalabu hupelekewa tofaa la ng'ambo, tunda la bei, ilhali pera lililoanguka uani huachiwa watoto na ndege. Je, heshima hiyo imepewa tunda linaloistahili? Swali hili, kwa upande wa vitamini C, laweza kujibiwa jikoni kwa unga wa muhogo na iodini ya majimaji inayouzwa kwa ajili ya vidonda.

Wanga ukikutana na iodini huwa na rangi ya buluu iliyokoza, karibu na weusi. Vitamini C, ambayo wanakemia huiita asidi askobiki, huigeuza iodini kuwa iodaidi, nayo iodaidi haiwezi kuupaka wanga rangi. Hivyo kadiri maji ya tunda yalivyo na vitamini nyingi, ndivyo matone machache yanavyotosha kuifuta buluu.

Nusu kijiko cha chai cha unga kichemshwe katika glasi ya maji, kiachwe kipoe na kutuama. Maji ya juu yamiminwe katika glasi nyingine na kutiwa matone kumi ya iodini. Tunda lipondwe, lichujwe kwa kitambaa safi, na kijiko kimoja cha maji yake kichanganywe na vijiko vinne vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Klorini ya maji ya bomba huharibu vitamini. Kisha kijiko kimoja cha ile buluu kiwekwe katika chombo cheupe, na maji ya tunda yadondoshwe kwa bomba lisilo na sindano, tone baada ya tone, yakihesabiwa hadi rangi itoweke. Tofaa lisiongezwe maji, bali hesabu yake izidishwe kwa tano. Hata hivyo litahitaji subira.

Atakaye miligramu ayeyushe kidonge cha vitamini C cha miligramu 100 katika mililita 200 za maji, akipunguze makali na kukipima vivyo hivyo. Tuseme kidonge kimehitaji matone 36 na chungwa 40: basi 50 mara 36 gawanya kwa 40 ni miligramu 45 katika mililita 100. Majedwali ya vyakula hulipa pera takriban miligramu 200 kwa kila gramu 100, chungwa 50, na tofaa 5 tu.

Maji ya machungwa ya Ukerewe yakichemshwa kwa muda, kisha yakapozwa na kupimwa tena, matone yataongezeka, kwa kuwa joto na hewa huiharibu vitamini hii. Sharubati ya chupa isiaminiwe katika jaribio hili: baadhi huhifadhiwa kwa salfaiti, nayo pia huifuta buluu. Mabaki yote yamwagwe, yasinywewe kamwe, na vyombo vioshwe kwa sabuni.