Kupiga Picha ya Mtu: Somo la Kwanza kwa Anayeanza

Msiba unapotokea, moja ya mambo yanayotafutwa mapema nyumbani ni picha ya marehemu. Mara nyingi familia hupekua simu zote, kisha huishia kukata sura ya mzee kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, au kukuza picha ndogo ya kitambulisho hadi inafifia. Simu zilikuwepo nyumbani miaka yote, lakini hakuna aliyekaa naye dakika 10 kumpiga picha yake mwenyewe. Somo hili ni la kutusaidia tusifike huko. Simu uliyo nayo inatosha kuanzia.

1. Ruhusa

Msalimie mtu kwanza, kisha mweleze picha ni ya nini na itakwenda wapi. Kukubali kupigwa picha si kukubali kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Uliza yote mawili. Kwa mtoto, mwombe mzazi au mlezi, halafu mwulize na mtoto mwenyewe. Akikataa, mshukuru na urudishe simu mfukoni.

2. Mwanga

Zima flashi ya simu, maana humulika uso moja kwa moja na kuufanya bapa. Jua la saa sita nalo hutia vivuli vizito machoni. Mketishe kivulini, barazani au chini ya mti, akitazama upande ulio wazi. Ndani ya nyumba, mweke karibu na dirisha, mwanga umjie kwa ubavuni.

Usimweke dirisha likiwa nyuma yake. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kuuleta kwenye wastani. Ikiona nyuma peupe sana, hupunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi hugeuka kivuli kitupu. Kwa simu nyingi, gusa uso wake kwenye kioo, kisha ongeza mwanga hadi macho na ngozi vionekane vizuri.

3. Umbali na kimo

Simu ikisogezwa karibu mno, pua huonekana kubwa kuliko ilivyo. Rudi nyuma kiasi cha mita 2, na utumie lenzi ya kuvuta karibu kama simu inayo. Kama haina, piga hivyo hivyo, kisha punguza kingo baadaye. Shika simu usawa wa macho yake: mzee akiwa ameketi, nawe keti au piga goti. Ukimpiga kutoka juu, ataonekana mnyonge. Kagua pia nyuma yake, nguzo au kamba ya nguo isionekane kama imeota kichwani.

4. Subira

Watu wengi hukakamaa mbele ya kamera. Badala ya kumwamuru atabasamu, mwulize habari za shamba au za ujana wake, na upige anapomaliza kujibu. Akitaka kuvaa nguo zake za sikukuu na kutulia bila kucheka, mwache. Hivyo ndivyo anavyotaka kukumbukwa.

Tunaye mwalimu mzuri katika hili: Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948. Alitegemea sana mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Basi aliipanga kwanza mikono, nguo na kichwa, ndipo akabonyeza. Picha zake leo zinatazamwa duniani kote. Nasi kitenge kimoja ukutani kinatutosha.

Zoezi la wiki hii

Chagua mzee mmoja wa familia au jumuiya yako. Mwombe dakika 10, umpige picha zisizozidi 10. Chagueni pamoja iliyo bora, uisafishe studio na kumpelekea. Picha inayobaki kwenye simu pekee hupotea simu inapoharibika. Iliyo ukutani kwake ataifurahia mwenyewe, angali hai.