Maji ya Machungwa Hayaondoi Kileo

Machungwa yauzwayo katika Soko Kuu la Morogoro Mjini, yakikamuliwa na kuchanganywa na vodka, hufanya kinywaji cha watu wazima kiitwacho Screwdriver, yaani bisibisi. Mililita 50 za vodka yenye kileo cha asilimia 40 zina mililita 20 za alkoholi. Zikiongezwa mililita 150 za maji ya machungwa, hupatikana takriban mililita 200 zenye alkoholi asilimia 10. Ukali umepungua ulimini. Lakini mililita 20 zile zile zimo glasini, nazo ndizo zitakazoingia damuni. Utamu huficha kileo, hauondoi.

Zoezi: Yakiongezwa maji ya machungwa mililita 200 nyingine, asilimia itakuwa ngapi? Na alkoholi itakuwa mililita ngapi?