Somo: Mchezo wa Sungura na Kisima

Hapa Busia na Malaba mkutano mmoja una Wateso, Wakhayo na Wasamia. Ukifundisha kwa lugha moja, wengine wanasinzia. Basi igizeni hadithi bila maneno, kwa mikono na uso tu.

Hadithi mnaijua. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima. Sungura anakataa kushika jembe, lakini anakuja kuiba maji. Walinzi anawalambisha asali mpaka wanakubali kufungwa kamba. Mwishowe Kobe anajificha majini, anamkamata mguu.

Watu sita wanatosha. Jembe, mtungi na kamba mtoe nyumbani. Sungura akishikwa tu, simamisheni mchezo. Msimalize! Ndiyo njia ya mafunzo ya DELTA, yaliyoanza Kenya miaka ya 1970: onyesha shida, halafu uliza. Kila mtu ajibu kwa lugha yake, jirani atafsiri.

Maswali:
1. Kwenye kisima chetu, Sungura anafanya nini? (Msitaje majina.)
2. Asali yetu ni nini?
3. Tumfukuze, alipe faini, au naye achimbe? Akifukuzwa, watoto wake watakunywa wapi?

Mkikubaliana, andikeni kwenye kitabu cha kikundi kabla ya kuachana.