Ukitembelewa na Ndugu Kutoka Kijijini, Mpeleke Hatta

Sisi wabeba boksi wa Dubai tuna ratiba moja ya mgeni. Siku ya kwanza Burj Khalifa, kwa kuitazama kutoka chini maana kupanda ni pesa. Siku ya pili samaki wa Dubai Mall, nao kwa nje ya kioo. Halafu abra, ile mashua ya kuvuka mkono wa bahari wa Khor, kwa dirhamu 1, Soko la Dhahabu, na mwisho Dragon Mart kununua mashuka ya kubeba. Mgeni akiwa mtu wa mjini, hiyo inatosha. Akiwa ndugu yako aliyetoka shambani, utamsikia akiitikia "pazuri" kwa kila kitu, kwa sauti ileile, na jioni anauliza kama kuna mahali pa kukaa.

Dada yangu mkubwa alipokuja kutoka Kibosho, Kilimanjaro, nilimfupishia ratiba hiyo nikampeleka Hatta kwa gari. Dada ndiye anayeshika kihamba chetu: migomba, kahawa iliyobaki, ng'ombe wa kufungiwa bandani, na mama yetu, ambaye ana kazi kuliko ng'ombe. Mtu wa namna hiyo ukimzungusha madukani wiki nzima unamfanya mshamba kwa nguvu. Mpeleke mahali ambapo yeye ndiye anajua na wewe ndiye unauliza.

Hatta ni Dubai pia, ingawa ukifika hutaamini. Ni kipande kilichokaa peke yake kwenye milima ya Hajar, kama kilomita 130 kutoka mjini, kimezungukwa na Oman, Ras Al Khaimah na Ajman. Kuna mitende, mbuzi, mashamba ya ukuta mfupi, wazee wanaokaa kibarazani, na baridi ya asubuhi ikifika Januari. Nenda kati ya Novemba na Machi. Miezi ya joto usimpeleke mtu mzima milimani kule ukamwita mgeni wako.

Chagua siku ya katikati ya wiki kama zamu yako inaruhusu. Tangu Januari 2022 mapumziko ya hapa yamekuwa Jumamosi na Jumapili, na siku hizo Hatta hujaa magari, watoto na moshi wa kuchoma nyama.

Usafiri una njia mbili. Ya bei nafuu ni basi la RTA, mamlaka ya usafiri ya Dubai, namba H02, linaloondoka kituo cha Dubai Mall kila baada ya saa mbili. Nauli ni dirhamu 25 kwa kadi ya Nol, na ukifika kuna basi dogo la H04 linalozungusha watu kwenye vivutio. Angalia ratiba kwenye programu ya RTA kabla hujamtoa mtu kitandani. Kwa wawili basi linatosha kabisa, ila lina kasoro moja: mbele na nyuma yenu wamekaa watu, na mambo ya nyumbani hayasemwi mbele ya watu. Ndiyo maana mimi nilikodi gari. Ukiwa na viza ya ukaazi lazima uwe na leseni ya hapa, ya Tanzania au Kenya haitoshi. Waliokukodisha gari watashikilia dhamana kwenye kadi yako kwa muda baada ya kurudisha, wakisubiri kama kuna faini, kwa hiyo usikodi kwa pesa ya kodi ya kitanda.

Sasa njia. Hapa sikiliza vizuri. Barabara ya zamani ya Hatta, E44, inayopita Lahbab na Al Madam, inakatiza kipande cha ardhi ya Oman kabla ya kufika, na sisi tusio raia wa nchi za Ghuba tunarudishwa kizuizini. Ramani ya simu ikikushauri huko, ikatalie. Toka Deira, mtaa ninaokaa, ingia Barabara ya Emirates, E611, kisha shika E102 ya Sharjah kwenda Kalba, na huko mbele fuata vibao vya Hatta kupitia Huwaylat na Munay'i. Utakuwa umetoka Dubai, umekanyaga Sharjah na Ras Al Khaimah, halafu umeingia tena Dubai. Dada alipoelezwa hivyo alisema hata mashamba ya ukoo wetu hayajachanganyika kiasi hicho.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Beba chakula chako: sisi tulikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha na maji mengi. Chai msiibebe. Pembeni mwa barabara kuna kafeteria za karak, na desturi ya hapa ni kusimamisha gari, kupiga honi, kijana akaja dirishani. Nilipopiga honi dada alinigeukia. "Una miguu. Shuka." Akashuka yeye, akaenda kaunta, akaagiza kwa vidole viwili, akarudi na vikombe vyake. Tangu siku hiyo napata shida kupiga ile honi.

Mkishaiacha E611 mchanga unaanza kubadilika, unatoka weupe unaingia wekundu. Maeneo ya Mleiha serikali ya Sharjah ilianzisha shamba la ngano mwaka 2022, awamu ya kwanza hekta 400, la kumwagilia kwa mitambo inayozunguka. Ukiwa na mkulima garini, taja jambo hilo halafu unyamaze. Dada aliuliza maji yanatoka wapi, mbolea nani analeta, na mkate wake unauzwaje. Mawili kati ya hayo sikuwa na jibu, naye akafurahi sana.

Jambo la simu, kabla sijasahau. Kupiga kwa WhatsApp hapa kumefungwa; maandishi na sauti za kurekodi zinapita, lakini sauti ya moja kwa moja haipiti. Mwelekeze mgeni wako mapema, la sivyo atadhani nyumbani kuna msiba na wanamficha. Dada aliendesha kihamba kizima kwa sauti za kurekodi akiwa amefunga mkanda. "Majani ukate ya chini, ya kule juu niachie. Umemkamua? Bibi amekunywa dawa? Mbona unaongea kama umelala?" Kisha anaangalia saa na kuikumbuka tofauti: sisi tuko saa moja mbele, kwa hiyo kijana kweli alikuwa amelala.

Ukifika Hatta anza na kijiji cha zamani, kilichokarabatiwa na kufunguliwa kwa watu mwaka 2001. Ngome yake ni ya 1896, na minara miwili ya mviringo juu ya vilima ilijengwa miaka ya 1880. Nyumba ni za mawe, udongo na makuti ya mtende. Mimi nilikuwa napiga picha. Dada alikuwa anagusa kuta, anachungulia jiko, anahesabu boriti za dari. Alikaa muda mrefu zaidi mbele ya vyombo vya kutwangia na kusagia kuliko alivyokaa Dubai Mall yote. Picha za majengo piga, za watu omba kwanza. Sheria ya nchi hii hairuhusu kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, na ukielekeza simu kwa akina mama wa pale, hata bila sheria, utakuwa umejiaibisha.

Kisha tembeeni kwa miguu kandokando ya mashamba. Hapa ndipo nilipolipwa gharama zangu zote.

Kuna falaj, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka shambani kwa mteremko tu, bila mashine. Ni utaalamu wa zamani wa pande hizi. Mifereji mitano ya namna hiyo ya Oman iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yaligawanywa kwa zamu, mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza dada haya yote. Hakunisubiri. Alichuchumaa, akatia mkono, akatazama maji yanakotoka na yanakokwenda, akasema, "Huu ni mfongo." Mifongo ya Kilimanjaro nayo inatoa maji msituni ikayashusha vihambani kwa mteremko, kwa zamu, na mwenye zamu asipoamka amekosa. Akaendelea: huyu wa juu lazima anamwonea wa chini. Na usiku lazima wanaibiana.

Langoni mwa shamba moja tulisimama tukatoa salamu. Usiingie shamba la mtu hata kama ukuta ni wa magotini. Simama, salimia, ngoja. Akatoka kibarua wa Kibangladeshi, na kwa Kihindi changu cha Deira nikamwambia dada yangu ni mkulima. Akatukaribisha. Ilikuwa msimu wa kupandisha mitende, mwanzoni mwa mwaka, kazi ambayo hapa haiachiwi upepo. Alikuwa na mashada ya maua ya mtende dume kwenye kikapu. Alizungusha mkanda kiunoni na kwenye shina, akapanda kwa kuegemea nyuma, akafika shingoni mwa mti, akafungua shada jike, akapachika vijiti kadhaa vya dume katikati na kulifunga kwa ukuti. Aliposhuka alikunguta shada moja kiganjani mwa dada, ukamwagika unga mwembamba wa rangi ya maziwa. Dada aliunusa. Akamuuliza kwa mikono kama dume mmoja anatosha majike mangapi. Jamaa akafungua na kufumba vidole mara nyingi, wote wawili wakacheka kicheko ambacho sikualikwa.

Chini ya mitende kulikuwa na majani ya lusini ya kulisha mbuzi, yamekatwa na kufungwa mafungu. Dada alinyanyua fungu moja kupima uzito. Alitaka kujua linauzwa bei gani, akageuza kwa shilingi, akanyamaza kidogo. Nadhani alikuwa anajumlisha majani yote aliyobeba kichwani toka tambarare tangu aache shule.

Kwenye bwawa la Hatta msikae sana. Maji ni ya rangi nzuri, kuna mitumbwi ya kukodi, na kuogelea hakuruhusiwi. Kwa dada bwawa ni lile la kwetu, Nyumba ya Mungu, na bwawa lisilo na mvuvi lilimpa mashaka. Kilichomvutia ni mradi wa umeme wa mamlaka ya umeme na maji ya Dubai, wa megawati 250: maji yanapandishwa kwenye bwawa la juu kwa umeme wa jua, halafu yanashushwa umeme unapohitajika. Nyumba ya Mungu ni megawati 8.

Mvua ikinyesha, au hata ikitabiriwa, ahirisha. Milima ile haina mti wa kuzuia maji na bonde linajaa ghafla. Tangu 2023 kukusanyika karibu na mabonde na mabwawa wakati wa mvua ni faini ya dirhamu 1,000 na pointi 6 kwenye leseni. Kuingiza gari kwenye bonde lililofurika ni dirhamu 2,000, pointi 23 na gari kushikiliwa siku 60. Waliokuwepo hapa Aprili 2024, iliponyesha mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, hawaambiwi mara mbili.

Sasa mazungumzo, maana kwa hayo ndiyo nilikodi gari. Mambo mazito ya nyumbani yaache mpaka wakati wa kurudi. Ukiyaanzisha asubuhi na yakaharibika, mtakuwa na siku nzima ya kununiana mbele ya vivutio. Jioni mmeshiba, mmechoka, mmecheka pamoja. Na dereva ana ruhusa ya kutazama barabara tu, jambo ambalo kwa mdogo anayesema na mkubwa wake ni msaada: humkazii macho, naye hakusomi uso.

Kwetu suala lilikuwa kihamba. Kwa mila yetu Wachaga, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba na kihamba cha wazazi. Kitinda mimba huyo ni mimi, ninayelala kitanda cha juu chumba cha watu wanane hapa Deira. Anayejua mgomba upi unahitaji mwega ni yeye. Tulipoipita Munay'i alitoa mkobani daftari la shule lililofungwa kwenye nailoni. Lilikuwa na kila shilingi niliyotuma: bati, dawa ya mama, mchango wa arusi ya binamu, mtamba. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika alichoongeza yeye kutoka kwenye maziwa na ndizi. Safu yake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Hakusema neno, alinisomea tu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka taa za Sharjah zikaonekana.

Kama nanyi mna jambo la namna hii, jueni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na kwamba hati ya haki miliki ya kimila huombwa kwenye halmashauri ya kijiji, ikiwa na majina ya wote mnaokubaliana. Sheria peke yake haimalizi neno kwa Wachaga. Ukoo lazima usikie. Tumekubaliana nitalisema mwenyewe Desemba, watu wote wakiwa wamepanda nyumbani, kihamba kiandikwe majina yetu mawili. Wajomba watakasirika, na dada ameshanipa orodha ya nani aletewe nini kutoka Dragon Mart kabla ya kikao. Tiketi za ndege za KIA za Desemba hupanda bei mapema, kwa hiyo yangu nitaikata kabla ya Septemba.