Ubongo na Mdomo wa Kipimo cha Ghalani



Wengi mmetuuliza habari za vile vyombo vidogo vya kupima unyevu wa ghala na kupeleka habari kwenye simu ya mwenyewe. Karafuu iliyoingiwa na unyevu huota ukungu, na bei yake huanguka; basi swali hili ni la fedha.

Chombo hicho ni vipande vilivyounganishwa, na viwili yafaa vijulikane. Prosesa ndiyo ubongo: hupokea hesabu za kipimo, huzilinganisha, kisha hukata shauri kama iko haja ya kutoa habari. Moduli ya mawasiliano ndiyo mdomo. Ni ile ile simu ya upepo waliyoijua wazee wetu, ila sasa imekuwa ndogo kama stempu.

Wauzaji husifu ubongo, na hapo ndipo watu hupotea. Kupima unyevu mara moja kwa saa si kazi nzito. Prosesa ya bei ndogo yatosha. Ulizeni mdomo.

Jamaa wa mwanachama mmoja ana ghala la korosho shambani huko Kitomanga, Mkoa wa Lindi, naye alikuwa karibu kununua chombo cha ESP32. Hiki kilitoka China mwaka 2016, kina ubongo na Wi-Fi pamoja, nacho ni kizuri kwa ghala lililo ubavuni mwa nyumba yenye intaneti. Shambani Wi-Fi haifiki. Tena kila inaposema hunywa umeme mwingi, hata mileampia 240, na betri haidumu. Tumemshauri kwanza asimame ghalani na simu yake, atazame mtandao. Ukiwapo, atafute moduli ya laini ya simu, na salio asisahau. Usipokuwapo, iko LoRa, iliyoanzia Ufaransa. Hiyo haiwezi kupeleka picha, lakini maneno machache huyafikisha kilomita kadhaa kwa umeme kidogo, mradi pawe na kipokezi mahali pa juu penye intaneti. Vilima na miti minene huipunguzia mwendo.

Sisi twapendelea chombo ambacho vipande vyake vyafunguka. Chumvi ya bahari ikila mdomo, hubadilishwa huo tu. Lakini tazameni volti: ESP32 hutumia 3.3, na vipande vingine 5. Kuviunganisha ovyo ni kuviunguza. Wala LoRa isiwashwe kabla ya kufungwa eriali, yaweza kuharibika. Muuzaji asemaye vyote ni sawa, mwombeni karatasi ya volti kabla ya kutoa fedha.